Je, wajua kwa nini mashua haiendi mbio zaidi upepo ukiwa nyuma yake?

Muulize mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa chombo cha tanga ni upepo upi ulio bora, naye atajibu bila kusita: wa nyuma. Jibu hilo lina mantiki yake. Tanga limetunga, upepo unasukuma, chombo kinakwenda, na kadiri upepo unavyotoka nyuma moja kwa moja ndivyo nguvu inavyoonekana kutopotea. Michoro ya meli za zamani nayo inaliunga mkono, kwa matanga yaliyovimba kama yanataka kupasuka.

Shida ni neno "kusukuma". Ukishalikubali kuwa ndilo maelezo yote, utalazimika kukubali pia kwamba chombo cha tanga hakiwezi kamwe kuupita upepo, na kwamba hakiwezi kupanda kuelekea upepo unakotoka. La pili, kila nahodha anayepiga bisha hulikanusha: mashua nyingi huenda vizuri zikiwa nyuzi 45 hivi kutoka upepo unakotoka, kisha hugeuza upande na kupanda kwa kukata kona. La kwanza ni kweli katika hali moja tu, yaani tanga la kawaida upepo ukiwa nyuma kabisa. Hapo ndipo tanga husukumwa tu, na hiyo ndiyo kazi linayoifanya vibaya kuliko zote.

Mfikirie mwendesha baiskeli. Siku isiyo na upepo, akikanyaga kwa nguvu anahisi upepo usoni, nao ameutengeneza mwenyewe. Sasa upepo wa kweli uvume mgongoni mwake kwa kasi ileile anayokwenda nayo: shati linatulia, jasho halikauki. Miti inayumba, lakini kwake yeye ni shwari tupu. Upepo huohuo ukivuma kutoka ubavuni, unaungana na ule aliojitengenezea, na wote wawili wanampiga kama upepo mmoja wa mshazari, wenye nguvu kuliko kila mmoja peke yake. Akiongeza mwendo, unazidi kuwa mkali na kusogea mbele yake. Mwendesha baiskeli ataulaani, ila mashua ndio unaoiendesha.

Tanga halijui upepo unaotajwa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Linajua ule unaoligusa. Chukua upepo wa noti 10 na mashua inayokwenda noti 6 (noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa). Upepo ukiwa nyuma, tanga linabakiwa na noti 4 tu. Ukiwa ubavuni, linapata karibu noti 11.7. Na kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake, upepo wa pili una nguvu mara nane na nusu ya ule wa kwanza. Si nguvu hiyo yote inayoelekea mbele, lakini hata ukikata sehemu kubwa, pengo linabaki.

Upepo wa ubavuni unawezaje kukipeleka chombo mbele? Kwa ufupi, tanga huupinda na kuutupa kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, nalo likasukumwa mbele na pembeni. Msukumo wa pembeni huzuiwa na mkuku, ule uti wa chombo ulio chini majini, kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na chombo huteleza kando nyuzi chache tu. (Yale maelezo maarufu kwamba hewa ya upande wa nje wa tanga hukimbia ili ikutane na mwenzake ukingoni si sahihi. Ile ya nje hufika mapema, wala haimsubiri mtu.)

Tahadhari moja. Mashua nzito hukwamishwa na mawimbi inayoyaumba yenyewe: yenye urefu wa mita 9 majini huanza kugoma kwenye noti 7 hivi, upepo utoke popote. Kwa hiyo katika upepo mkali mwelekeo hauibadilishii sana kasi. Ni upepo hafifu unaoonyesha tofauti.

Vyombo vyepesi ndivyo vinavyofika mahali pa ajabu. Mashua za mbio za America's Cup, zinazoinuka juu ya mabawa ya majini, zimepita noti 50, na kwa mwendo huo upepo unaozigusa hutoka mbele hata zinapoelekea upepo unakokwenda. Zikishuka kwa kukata kona, zinaweza kuliacha nyuma puto linalobebwa na upepo huohuo.

Mwendo wa namna hiyo hutegemea mahali pia. Novemba 2012 baharia Paul Larsen aliendesha Vestas Sailrocket 2, chombo cha tanga kilichoundwa kwa ajili ya kasi, kwa wastani wa noti 65.45 katika mita 500, zaidi ya mara mbili ya kasi ya upepo uliokuwepo. Alikuwa Walvis Bay, Namibia, ambako upepo mkali huvuka ufuko wa mchanga wa chini na kuingia kwenye maji ambayo hayajapata nafasi ya kujenga mawimbi. Chombo chake kilipita sambamba na ufuko huo, karibu kabisa na mchanga, upepo ukitoka ubavuni.