Je, wajua kwa nini Marekani humhesabu kijana wa miaka 22 anayejilipia nyumba kuwa bado yuko kwa mama?

Anaamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga vifurushi ghalani. Kodi ya nyumba analipa mwenyewe, bima ya gari mwenyewe, na mwisho wa mwezi hakosi kutuma chochote kwa mama yake Kisumu. Siku anapokaa kujaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, inamuuliza baba na mama wanapata kiasi gani. Anacheka kwa uchungu: hao wazazi si yeye anayewasaidia?

Msaada huu chimbuko lake ni Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, na mpaka leo unasimama juu ya wazo ambalo mzee yeyote wa kwetu angelikubali bila ubishi: wa kwanza kumsomesha mtoto ni mzazi, serikali hujazia palipopungua. Kazi ni kujua mtoto ametoka lini mikononi mwa mzazi. Hadi miaka ya 1980 walitazama maisha yenyewe. Kijana alihesabiwa anajitegemea ikiwa wazazi hawakumwandika kama tegemezi kwenye kodi ya mapato, hakukaa kwao zaidi ya wiki sita kwa mwaka, wala hakupokea kwao zaidi ya dola 750.

Umeshaona tundu lilipo. Mzazi mwenye uwezo aliweza kuacha kumwandika mwanawe kwenye kodi, akapoteza nafuu kidogo, na kijana akapanga foleni ya ruzuku kama asiye na mtu duniani. Nani angehesabu siku alizolala nyumbani? Mwaka 1986 Bunge likachora mstari kwenye umri: miaka 24. Wa chini ya hapo waliachiwa upenyo wa kuonyesha kwamba wana kipato chao cha kutosha, lakini mwaka 1992 nao ukazibwa. Tangu hapo, kujilipia bili hakuna uzito wowote kwenye fomu. Umri una cheti cha kuzaliwa. Kujitegemea hakuna cheti.

Na mstari wenyewe hauna huruma. Kwa mwaka wa masomo 2025–26, aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 2001 alihesabiwa mtu mzima. Aliyezaliwa kesho yake alirudishwa kwa wazazi.

Ukiwa chini ya umri huo, zipo hali nyingine zinazokutoa: umeoa au umeolewa, umetumikia jeshi la Marekani, unasomea shahada ya uzamili, au wakati wowote tangu ulipotimiza miaka 13 umekuwa yatima wa wazazi wote wawili, hata kama walifariki kabla ya hapo. Kuwa na mtoto unayeishi naye na kumgharimia zaidi ya nusu ya mahitaji yake pia kunatosha. Ila yule mama wa Kisumu hasaidii hapa, hata kama fedha zako ndizo zinazomlisha. Tegemezi lazima muishi pamoja.

Basi kijana wetu hana budi kuandika habari za wazazi. Wao hufungua akaunti yao mtandaoni hata bila namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na kipato chao hugeuzwa kuwa dola. Mara nyingi, kikishageuzwa, ni kidogo kiasi kwamba hakimpunguzii mwanao chochote. Kinachomchosha ni kumwelekeza mzee kwa simu, usiku wa manane, abonyeze wapi.

Kuna kundi moja lililokumbukwa kwa jina, nalo lina Waswahili wengi, hasa kutoka Kongo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2020, na kuanza kuonekana kwenye fomu ya 2024–25, inataja hali ya mkimbizi au aliyepewa hifadhi miongoni mwa mazingira yasiyo ya kawaida yanayoweza kumtenganisha mtu na wazazi wake. Binti aliyefika na shangazi yake, wazazi wakabaki kambini Nyarugusu, anaweza kujibu kwamba hawezi kuwafikia. Fomu humpokea kwa muda kama anayejitegemea, kisha ofisi ya misaada ya fedha ya chuo chake humwomba maelezo na ushahidi, nayo ndiyo huamua. Wazazi kukataa tu kuchangia, au kukataa kujaza sehemu yao, si sababu inayokubalika.

Ukishahesabiwa unajitegemea, mikopo ya serikali inaongezeka: mwaka wa kwanza kikomo ni dola 9,500 badala ya 5,500. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia hadi dola 7,395 kwa 2025–26, na hupimwa kwa kipato chako, na cha mwenzi wako kama unaye.

Hapo ndipo wakubwa wengi hushtuka. Asiye na mtoto, akishatengewa kiasi cha kujikimu, karibu nusu ya kipato kinachobaki huchukuliwa kuwa anaweza kukitoa kwa masomo. Tena hutazamwa kipato cha miaka miwili nyuma. Fomu ya 2025–26 ilisoma kodi ya 2023. Dereva wa lori mwenye miaka 35, aliyeacha usukani ili asomee uuguzi, huonekana bado anaingiza mshahara wa barabarani. Asiishie kwenye jibu la kompyuta. Aende ofisi ya misaada ya chuo na barua ya kuacha kazi na hati za malipo za karibuni, aombe kipato chake kiangaliwe upya. Sheria inawaruhusu kukibadilisha, ingawa haiwalazimishi, na kwa kawaida hawatamwita wao wenyewe.