Lifti za Majengo Mafupi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Jengo la ghorofa tatu halina haja ya kukaguliwa lifti, kwa kuwa hata kamba zikikatika haitaanguka mbali.

Ukweli: Hofu ya kamba kukatika imezidi kipimo. Elisha Otis alionyesha hadharani breki ya dharura mjini New York mwaka 1854, na lifti za kamba za leo hubeba kifaa kinachobana reli mara mwendo unapopita kiwango. Hatari kubwa iko mlangoni. Kufuli la mlango likilegea, mlango wa ghorofa ya pili hufunguka ilhali chumba cha lifti kipo chini, na anayeingia huku macho yakiwa kwenye simu hutumbukia shimoni. Kufuli hilo hufanya kazi ileile katika jengo fupi na refu, na nchini Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, huanza na swali la kama hapo ni mahali pa kazi: hoteli ya Kirumba jijini Mwanza imo, na ofisi iliyo katikati ya jiji imo.

Dhana: Lifti tupu haina hatari.

Ukweli: Uzito wa kusawazisha, ule unaoning'inia upande wa pili wa kamba, hulingana na chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba. Breki ikishindwa, chumba kitupu hupaa juu badala ya kushuka, jambo ambalo wenye majengo wengi hawalitarajii.

Dhana: Fundi anayekuja kila mwezi ameshakagua.

Ukweli: Fundi hupaka grisi na kurekebisha, kumwachia pia ukaguzi ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Nchini Kenya, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka lifti ichunguzwe kikamilifu na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi sita.

Dhana: Umeme ukikatika, waliokwama watakosa hewa.

Ukweli: Chumba kina matundu ya hewa. Wabonyeze kengele na wasubiri, wala wasilazimishe mlango.

Dhana: Shimo chini ya lifti ni la kutupia takataka tu.

Ukweli: Humo mna vizuizi vya mshtuko, kama springi, na swichi za usalama. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofurika, maji yalipanda hadi kwenye majengo ya ufukweni, na hata mbali na ziwa mvua huteremka kwa kasi kwenye miamba ya milimani. Mwenye jengo amulike shimo kwa tochi kila baada ya masika: akiona mstari wa matope ukutani au kutu kwenye springi, lifti izimwe, maji yanyonywe, na mkaguzi aitwe kabla ya kuiwasha tena.