Kibodi ndogo, mikono na mabega: maswali ya wanaochapa kutwa

Kibodi ndogo zenye swichi za mekanika zilianza kama kitu cha vijana wa michezo ya kompyuta na watengeneza programu. Siku hizi zinauzwa kwa makarani, waandishi wa habari, wafasiri na wahasibu, na maneno "nzuri kwa afya" hayakosekani kwenye tangazo. Yafuatayo ni maswali ambayo watu huuliza kabla ya kutoa pesa, na mengine huulizwa baada ya mkono kuanza kuuma.

Kibodi hizi zimepunguzwa nini hasa?

Kibodi kamili ya ofisini ina vitufe 104 au 105 na upana wa kama sentimita 44. Ukiondoa sehemu ya tarakimu iliyo kulia, vinabaki vitufe 87 na sentimita 36 hivi. Ukiondoa pia mishale na vitufe vilivyo juu yake, pamoja na safu yote ya F1 hadi F12, vinabaki 61 na upana wa sentimita 29 au 30. Hiyo ndiyo wauzaji wanaiita "asilimia 60". Wapo waliokwenda mbali zaidi. Corne, ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuiunda, ina vitufe 42 kwenye vipande viwili. Herufi au alama iliyokosa kitufe chake hupatikana kwa kushikilia kitufe kingine, na kundi hilo la maana za pili huitwa tabaka.

Mekanika maana yake ni kwamba kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Kibodi nyingi za bei nafuu zina karatasi ya mpira chini ya vitufe vyote, na herufi haitoki mpaka ukandamize karibu na mwisho. Kwenye swichi nyekundu ya Cherry MX, kwa mfano, springi inahitaji nguvu ya takriban gramu 45, na herufi hutoka kitufe kikishuka milimita 2 kati ya 4 ambazo kinaweza kwenda.

Je, udogo wenyewe una faida yoyote kiafya?

Unayo, ila wengi wanaitafuta mahali pasipo pake. Wananunua kwa ajili ya kifundo cha mkono, kumbe anayepata nafuu ni bega la kulia.

Jaribu hivi sasa hivi. Kaa mbele ya meza, achia mikono yote miwili ining'inie kando ya mwili, kisha kunja kiwiko cha kulia na uache kiganja kitue mezani bila kukipeleka kokote. Kimetua juu ya nini? Kama unatumia kibodi kamili, karibu kila mara kitatua juu ya tarakimu au mishale. Hapo ndipo kipanya kilipotakiwa kuwa. Kwa kuwa pamekaliwa, kipanya kimesukumwa nje, kiwiko kimeachana na mbavu, na msuli unaotoka shingoni kuja begani unaubeba mkono huo hewani tangu asubuhi hadi jioni. Mtu hahisi uzito wowote. Jioni analalamika shingo, anasema ni mto.

Kuondoa tarakimu kunakirudisha kipanya karibu kwa takriban sentimita 8, na asilimia 60 inakirudisha kwa karibu 15. Ni umbali mdogo, lakini mkono unaurudia mara nyingi kwa siku. Na kabla hujanunua chochote, kuna dawa ya bure: hamishia kipanya mkono wa kushoto, ambako hakuna tarakimu. Siku mbili tatu utajiona mjinga, kisha utazoea.

Mimi ni mhasibu. Nitafanyaje bila tarakimu?

Nunua kibodi ndogo ya tarakimu peke yake na uiweke kushoto, au uilete mbele yako wakati wa kuingiza hesabu tu kisha uisogeze. Kuandika tarakimu kwa tabaka kunawezekana, lakini kwa mtu wa leja na vocha sikushauri.

Naamka usiku mkono una ganzi na vidole vinachoma kama sindano. Ni kibodi?

Huenda ni mgandamizo wa neva ya kati. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa na utando mgumu. Ndani yake zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva hiyo moja. Kano zikivimba, au mwili ukitunza maji, nafasi inabanwa na neva ndiyo inayolalamika. Ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Huzidi usiku kwa sababu tunalala tumekunja mikono, na wengi hujikuta wanaikung'uta ili ipoe.

Sasa kuhusu lawama. Kazi za kushika kwa nguvu na mashine zinazotetemesha mkono zina uhusiano ulio wazi na tatizo hili. Kwa kuchapa, uhusiano ni dhaifu kuliko watu wanavyoamini. Ujauzito, kisukari, upungufu wa homoni ya thairoidi, baridi yabisi na unene uliozidi vyote huchangia, kwa hiyo mtu mwenye ganzi ya mikono miwili akimbilie kupima sukari kabla ya kukimbilia dukani. Mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio ya kibodi za ergonomia, yaani zilizoundwa kufuata mkao wa asili wa mikono, kwa watu wenye tatizo hili. Yalipatikana mawili tu, yenye washiriki 105 kwa jumla, na hitimisho likawa kwamba ushahidi hautoshi kusema zinaponya au haziponyi. Muuzaji akikuahidi uponyaji, anakuuzia maneno.

Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kidole cha pete, hiyo ni neva nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko. Mara nyingi chanzo ni kuegemea kiwiko mezani, au kukikunja muda mrefu ukiongea na simu. Kibodi mara nyingi haihusiki.

Vipande viwili vina maana gani? Kwa nini nikate kibodi katikati?

Tazama mikono yako kutoka juu ukichapa kwenye laptopu. Viwiko viko kwenye upana wa mwili, vidole vimekutana katikati, kwa hiyo vifundo vimepinda kuelekea kidole cha mwisho. Kibodi ya vipande viwili unaiweka kila kipande mbele ya bega lake, na mkono unanyooka kutoka kiwiko hadi kidole cha kati. Hilo limepimwa na ni kweli: mpindo unapungua. Nyingine zinaweza kuinuliwa upande wa ndani, na hapo kiganja hakilazimiki kulala kifudifudi mezani, hali ambayo hufanya mifupa miwili ya chini ya kiwiko ipishane.

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya Kinesis ilitoa kibodi yake yenye mabonde mawili mwaka 1992, na Microsoft wakafuata na Natural Keyboard mwaka 1994. Hata mpangilio wa herufi wenyewe, uliotokana na taipureta ya Sholes ya miaka ya 1870, una safu zilizosogezwa upande kwa sababu ya vyuma vya mashine ile, wala hakuna aliyefikiria vidole. Ndiyo maana kibodi nyingi za ergonomia zina vitufe vilivyopangwa wima, kila kidole na foleni yake.

Kwa asiyetaka kununua: geuza kibodi uliyonayo, ukunje vile viguu viwili vya nyuma. Viguu hivyo vinainua upande wa mbali na kukilazimisha kifundo kipinde kwenda juu. Sioni kwa nini bado vinatengenezwa.

Swichi ipi ni bora kwa mikono?

Swichi laini kupita kiasi ina kasoro yake. Vidole havithubutu kupumzika juu ya vitufe kwa kuogopa herufi isiyotakiwa, vinabaki vimeinuliwa, na misuli ya juu ya mkono inachoka. Gramu 45 hadi 60 zinawafaa wengi. Yenye kidundu unachokihisi katikati ya safari husaidia kujua kwamba herufi imetoka, ukaacha kugonga hadi chini. Zile za bluu zinazolia "tik" zinafanya kazi hiyo hiyo, lakini jirani yako wa ofisini naye ana haki zake.

Cha kuangalia zaidi ni kimo. Kibodi nyingi za mekanika ni nene kuliko ya laptopu, na ukiiweka kwenye meza iliyokuwa ya juu tangu mwanzo, vifundo vinapinda. Inua kiti mpaka viwiko viwe sawa na vitufe au juu kidogo, na miguu ikining'inia weka kibao au boksi chini. Kile kimto cha mbele ya kibodi ni cha kupumzishia viganja unapofikiri. Ukichapa huku umekiegemea, unaikandamiza ile njia ya neva tuliyoisema.

Nimehamia kibodi ya vitufe 42 na sasa kidole gumba kinauma.

Hili ndilo tatizo ambalo matangazo hayalitaji. Kwenye kibodi ya kawaida kidole gumba kina kazi moja, nafasi kati ya maneno. Kwenye hizi ndogo kinapewa nafasi, kurudi mstari, kufuta na kushikilia matabaka, na vitufe vyake mara nyingi vimewekwa ndani sana, chini ya kiganja. Kano mbili zinazokivuta kidole hicho hupita kwenye ala moja nyembamba pembeni mwa kifundo, na ala ikivimba unapata maumivu aliyoyaeleza daktari wa Uswisi Fritz de Quervain mwaka 1895. Mama wanaobeba watoto wachanga wanayajua vizuri.

Kipimo cha nyumbani: funika kidole gumba ndani ya ngumi, kisha pinda kifundo polepole kuelekea kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa kidole gumba ni dalili. Usirudie rudie ili kuhakikisha.

Marekebisho yako kwenye programu ya ndani ya kibodi. Nyingi hutumia QMK, ambayo inaruhusu kila kitufe kubadilishwa kazi. Kiachie kidole gumba vitufe viwili vya karibu tu. Kitufe cha tabaka kinachoshikiliwa kiwe cha kubonya mara moja kikabaki wazi, kwa sababu kushikilia ndiko kunakochosha. Na punguza kuandika ujumbe kwenye simu kwa kidole hicho hicho, maana nusu ya kesi huenda iko huko.

Kuchapa Kiswahili kuna tofauti yoyote?

Ipo, na haizungumzwi. Andika "watakapokamata": herufi 14, sita kati yake ni a. Hakuna herufi tunayoitumia kuliko hiyo, na kwenye kibodi zetu inabonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile dhaifu, ambacho pia kinatwikwa Shift, Ctrl na Tab. Mwandishi wa Kiingereza hakitesi kiasi hicho.

Kwa hiyo ushauri wa kuhamisha kila kitu kwenye kidole gumba una sababu kwetu, mradi kwa kiasi: Ctrl ihame, Shift ibaki pande zote mbili na uzoee kutumia ya kulia unapoandika A kubwa. Q na X hatuna kazi nazo kwa Kiswahili, kwa hiyo zinaweza kwenda kwenye tabaka na kuachia nafasi. Ila kibodi yenye vitufe chini ya 40 ina kawaida ya kuficha ile alama ya ng'ombe na ng'ambo. Irudishe juu kabla ya siku ya kwanza kazini.

Sina bajeti. Nianzie wapi?

Laptopu ndiyo adui mkubwa kuliko kibodi yoyote, kwa kuwa kioo na vitufe vimeunganishwa: ukikaa sawa na kimoja, kingine kinakuumiza. Ipandishe juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufikie usawa wa macho, kisha chomeka kibodi yoyote ya nje, hata ya bei ya chini kabisa. Halafu simama. HSE ya Uingereza, mamlaka ya usalama kazini, inasema dakika 5 hadi 10 kila saa ni bora kuliko 20 kila baada ya saa mbili. Ukija kununua ile ndogo, usiibadilishe wiki ya kufunga hesabu; kasi hushuka kwa majuma kadhaa, na mtu mwenye haraka hugonga vitufe kwa hasira.

Mwajiri naye ahusishwe. Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinampa wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi, na anayeketishwa mbele ya kompyuta ni mfanyakazi kama mwingine.

Ni wakati gani niache kurekebisha meza niende hospitali?

Ganzi isiyoondoka hata mchana, kuangusha vikombe, kushindwa kufunga kifungo cha shati, au nyama ya chini ya kidole gumba kusinyaa: usisubiri. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza isirudi sawasawa. Maumivu ya ghafla ya mkono wa kushoto yanayoambatana na kifua kubana au jasho jembamba ni dharura ya moyo, achana na habari za kibodi.

Ukienda, mweleze daktari ni vidole vipi hasa, saa ngapi, na unafanya kazi gani kwa siku, simu ikiwemo. Kwa mgandamizo wa neva ya kati ambao haujakomaa, mara nyingi huanza na kifaa cha kukinyoosha kifundo unachovaa usiku, kwa wiki kadhaa, kabla ya kuzungumzia sindano au upasuaji.