Mshumaa wa Pasaka katika parokia ya Unguja

Kila Jumamosi Kuu, siku ya kuamkia Pasaka, kuanzia saa tisa za alasiri, mimi huangalia mawingu mara nyingi kuliko ninavyoangalia saa. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili, na hapa Unguja hicho ndicho kipindi cha masika. Liturujia ya Mkesha wa Pasaka, ibada ya usiku huo, nayo inataka moto mpya uwashwe nje ya kanisa mbele ya waamini waliokusanyika, na kutoka katika moto huo uwashwe mshumaa mmoja utakaotangulia kuingia katika kanisa lililo giza totoro. Nimekuwa katekista, na pia msakristia, yaani mtunza vifaa vya ibada, kwa miaka ishirini na miwili. Moto huo nimeuwasha chini ya turubai, nimeuwasha barazani, na mwaka mmoja niliuwasha ndani ya karai kwenye kizingiti cha mlango kwa sababu mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu. Nimeona nieleze habari za mshumaa huo kwa kirefu, kwa kuwa siijui njia nyingine iliyo nyoofu zaidi ya kueleza jinsi parokia ya Kikatoliki inavyosali na kuishi katika visiwa ambavyo karibu watu wake wote ni Waislamu.

Mshumaa wenyewe una masharti yake. Waraka wa Roma wa mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka unaagiza kwamba uwe wa nta, usiwe wa bandia kamwe, uwe mpya kila mwaka, uwe mmoja tu, na uwe mkubwa wa kutosha. Nayasisitiza haya kwa sababu siku hizi zinauzwa bomba nyeupe za plastiki zinazojazwa mafuta ndani, ambazo kwa mbali hufanana na mshumaa na hudumu miaka kumi. Mara mbili baraza letu limeshauriwa kununua bomba la namna hiyo ili kubana matumizi, na mara mbili nimesimama kulipinga. Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu unaoimbwa mbele ya mshumaa usiku huo, hutaja waziwazi kazi ya nyuki, na sioni tunawezaje kuyaimba maneno hayo mbele ya plastiki. Tena mshumaa usiopungua hauwezi kutuonyesha kwamba mwaka umepita. Wa kwetu hutengenezwa kwa nta inayotoka bara, nami huuhifadhi umelala juu ya ubao, umefungwa kwa kitambaa, kwa sababu joto la Februari na Machi huupinda mshumaa uliosimamishwa hata kabla haujawashwa.

Ubani nanunua sokoni Darajani, kwa mzee mmoja anayeuza ubani, udi na uturi kwa ajili ya maulidi, arusi na khitma. Nikimwamkia, "Shikamoo, mzee," hunijibu, "Marahaba, mwalimu. Sikukuu yenu i karibu?" Anajua kwamba mwaka mzima nachukua ubani wa kufukiza bila kuuchagua, ila safari moja tu naomba punje tano nzima zinazolingana ukubwa, zile zitakazopachikwa katika mshumaa kukumbuka majeraha matano ya Bwana. Humwaga kiganja kimoja juu ya gazeti, tukainama wote wawili kuchambua. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu, siku tunayoanza mfungo wetu wa Kwaresima, iliangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla, kwa hiyo tulichambua punje zile muuzaji akiwa amefunga na mnunuzi akiwa amefunga. Aliponipa kifuko hakutaka fedha, akaniambia nimwombee.

Mkesha tunauanza saa mbili usiku, baada ya adhana ya Isha. Kanuni inasema usianze kabla giza halijaingia na uishe kabla ya mapambazuko, na hapa jua linatua mapema, kwa hiyo saa hiyo inatufaa sisi na inawafaa majirani. Mambo hayakuwa hivi zamani. Kwa karne nyingi ibada hii ilikuwa imesogezwa hadi ikawa inafanyika Jumamosi asubuhi, jua likiwaka, watu wachache wakihudhuria, mpaka Papa Pio wa Kumi na Mbili alipoirudisha usiku, kwanza kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa agizo la mwaka 1955 lililolihusu Kanisa zima la Kilatini. Lugha ilifuata baadaye, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kupitisha hati yake juu ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, na hivyo wazee wetu waliokuwa wameizoea Mbiu ya Pasaka kwa Kilatini wakaanza kuisikia kwa Kiswahili.

Padre huchora msalaba katika nta kwa ncha ya kisu, Alfa juu yake na Omega chini yake, na tarakimu nne za mwaka huu tulionao katika pembe nne za msalaba huo, akisema kwamba Kristo ni jana na leo, na kwamba nyakati zote ni zake. Kisha anapachika punje tano, anauwasha mshumaa kutoka katika moto, na maandamano yanaanza. Mara tatu shemasi au padre husimama, huuinua na kuimba, "Mwanga wa Kristo," nasi tunaitikia, "Tumshukuru Mungu." Mara ya pili ndipo waamini wanapoanza kuwasha mishumaa yao midogo, jirani akimpa jirani. Taa za umeme hubaki zimezimwa kwa makusudi, nami nimewaomba wanakwaya kwa miaka mingi wasiwashe taa za simu kusomea nota, wala wasiguse kinanda hadi wimbo wa Utukufu. Mbiu ya Pasaka iimbwe kwa sauti tupu ya mtu. Masomo ya Agano la Kale ni saba. Yanaweza kupunguzwa kwa sababu za kichungaji, lakini lile la kutoka sura ya 14 ya Kitabu cha Kutoka, Waisraeli wakivuka bahari, haliachwi kamwe. Mahali ambapo nusu ya waamini wamefika kwa boti kutoka Dar es Salaam, somo hilo husikilizwa kwa utulivu wa pekee.

Baada ya masomo na mahubiri ndipo maji yanapobarikiwa, na padre anaweza kuutumbukiza ule mshumaa katika maji mara moja au mara tatu. Kisha wakatekumeni, yaani wale waliokuwa wakiandaliwa kwa ubatizo, wanabatizwa, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Kila mmoja ana msimamizi wake, ambaye kwa sheria ya Kanisa anapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 16, awe amepata kipaimara na Ekaristi, na asiwe mzazi wa anayebatizwa. Bara, msimamizi mara nyingi huwa rafiki wa familia, mtu anayeongezwa juu ya shangazi, wajomba na mababu ambao tayari wapo. Hapa kwetu msimamizi mara nyingi ndiye ndugu pekee ambaye mtu huyo anaye ng'ambo hii ya bahari. Tuna wapishi wa hoteli za Nungwi na Paje, askari, walimu, mafundi ujenzi, wasichana wa kazi za nyumbani, wauguzi. Wamezaliwa Songea, Moshi, Tabora, Mtwara. Shambani kwa babu ni mbali na nauli si ndogo.

Hali hii ina mizizi mirefu. Padre Armand Fava alifika hapa kutoka kisiwa cha Réunion mwezi Desemba 1860, akiwa na mapadre na masista, kwa ruhusa ya Sultani Majid. Mwaka 1863 kazi ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 wamisionari hao wakavuka kwenda kuanzisha misioni ya Bagamoyo. Miongoni mwa watu wa kwanza kukusanywa na misioni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, ambao walikuwa wametekwa bara, wakatembezwa hadi pwani na kuuzwa, na ambao hawakuwa na mtu yeyote kisiwani wa kumwita baba au mama. Baadaye wakaja Wagoa, watu wa Goa huko India, makarani na washonaji na wapiga muziki, waliokuwa na imani ya vizazi vingi lakini wameziacha jamaa zao ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Hao ndio waliolijaza kwa muda mrefu kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo Misa yake ya kwanza ilikuwa Noeli ya mwaka 1898 na ambalo kila mtu wa mjini huliita Minara Miwili. (Wageni hulichanganya na kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali pa soko la watumwa, hilo ni la Waanglikana.) Wengi wa Wagoa waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na nafasi zao katika mabenchi zikashikwa na watu wa bara. Nikitazama tangu mwanzo mpaka leo, naona parokia za visiwa hivi zimekuwa za watu ambao ukoo wao uko kwingine, na kwa hiyo maneno "ndugu katika Kristo", ambayo kwingine husemwa kwa mazoea, hapa yanabeba mzigo halisi.

Mzigo huo unabebwa na jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya shirikisho lao la AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba jumuiya hizo ziwe msingi wa uchungaji wa parokia. Ya kwangu ina kaya kumi na saba. Tunakutana Jumatano jioni, si Jumamosi alfajiri kama bara, kwa sababu mwisho wa juma ndio wakati wa kazi hotelini. Tunasali Rozari, tunasoma Injili ya Dominika inayokuja, kila mmoja anasema neno lililomgusa, kisha katibu anafungua daftari: nani mgonjwa, nani amejifungua, nani hajaonekana wiki mbili. Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha kikao. Mgeni akifika ofisini kwa paroko kuomba ubatizo wa mtoto au ndoa, huulizwa kwanza, "Jumuiya yako ipi?" Baadhi huona swali hilo ni ukali. Mimi nalitetea, kwa sababu nimeona linavyomtoa mtu upwekeni, lakini siafiki hata kidogo linapogeuzwa rungu, mtoto akacheleweshwa ubatizo kwa kuwa mzazi ana deni la michango. Kanuni ya 848 ya Sheria ya Kanisa inataka mhitaji asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya ufukara, na katekista anayeijua anapaswa kuisema mbele ya kamati bila woga.

Miaka michache iliyopita alifariki kijana wa jumuiya yetu, mtunza bustani, kwa homa ya siku nne. Alikuwa amebatizwa katika Mkesha wa mwaka uleule. Wazazi wake walikuwa mkoani Ruvuma, na kwa simu walikubali azikwe hapa kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kusafirisha mwili. Wanaume wa jumuiya walikwenda kuchimba kaburi saa moja ya asubuhi, na waliwakuta vijana watatu Waislamu wa mtaa wake wamekwisha kufika na majembe yao. Wanawake wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, walishona sanda na kupika. Mimi nilifanya kazi yangu ya kanisani: niliutoa mshumaa wa Pasaka karibu na kisima cha ubatizo, ambako hukaa baada ya Pentekoste, nikausimamisha karibu na jeneza, ambalo liliwekwa miguu ikielekea altare kama inavyofanywa kwa mlei, mtu asiye padre, ili marehemu autazame upande uleule alioutazama alipokuwa katika kusanyiko. Ulikuwa mshumaa uleule aliowashiwa mshumaa wake mdogo miezi saba kabla. Tarakimu za mwaka zilikuwa bado zinasomeka na punje nne za ubani zilikuwa mahali pake. Ya juu ilikuwa imekwisha kuungua. Mama wa ubatizo wake, muuguzi kutoka Tabora, alisimama mahali pa mfiwa, na watu walipanga mstari kumpa mkono wa pole, Waislamu na Wakristo, wakimwita "mama marehemu".

Baba yake mzazi alifika siku ya tatu, bahari ilipotulia. Nilimpeleka kaburini, kisha sakristia, nikamfungulia kitabu cha wabatizwa na kitabu cha marehemu, kwa sababu katika vitabu vyote viwili jina la mwanawe liliandikwa kwa mkono wangu. Aliyafuata maandishi kwa kidole polepole. Akauliza yule msimamizi ni wa ukoo gani, nami nikamwambia. Akaomba kuuona mshumaa, akaugusa karibu na Omega, akanitaka nimwandikie jina la jumuiya pamoja na majina ya wale vijana watatu wa mtaani. Nilimwandikia nyuma ya bahasha ya zaka, akaikunja mara mbili na kuiweka ndani ya misale yake, kitabu chake cha Misa.