Maji hupotea, chumvi hubaki

Wengi ninaowahudumia matangi yao ya samaki na matumbawe hapa Dar es Salaam wana bahati ambayo mfugaji wa Dodoma au Nairobi hana: bahari iko jirani, na maji yake hayauzwi. Bahati hiyo hiyo ndiyo inayowaulia matumbawe. Maji ya tangi yakipungua, mtu anabeba dumu hadi ufukweni, anachota, anakuja kujazia, akiamini amerudisha kilichopotea.

Kilichopotea ni maji peke yake. Chumvi haipandi na mvuke. Chukua tangi la lita 200 lenye uchumvi wa kawaida wa bahari, yaani gramu 35 katika kila kilo ya maji. Humo mna chumvi karibu kilo 7. Ukiwasha feni juu yake kupunguza joto la kaskazi, au likiwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi kinachokausha hewa, si ajabu likapungua lita 3 kwa siku. Ukizifidia kwa maji ya bahari, kila siku unaongeza zaidi ya gramu 100 za chumvi juu ya ile iliyokuwemo. Wiki mbili tu, uchumvi umeshapita 42.

Samaki watavumilia kwa muda. Wao hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kwa matamvua. Konokono na matumbawe hawana kinga hiyo; maji ya miilini mwao hufuata maji yanayowazunguka. Kwa hiyo nikifika kwa mteja naangalia kwanza matumbawe laini. Yakiwa yamejikunja na taa zinawaka, natoa rifraktomita, kifaa cha kupimia uchumvi, kabla hata ya kuuliza swali.

Kipimo hiki ni rahisi kutumia, na ni rahisi vilevile kukudanganya. Dondosha matone mawili kwenye kioo chake, funika polepole pasiingie kiputo cha hewa, subiri nusu dakika maji yalingane na joto la kifaa, kisha elekeza kwenye mwanga usome pale buluu inapokutana na nyeupe. Unatafuta 35, au 1.026 kwa mizani ya uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi. Wengi hukirekebisha kwa maji safi yasiyo na chochote hadi kisome sifuri. Mimi sikubaliani na hilo: kifaa kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kikapotoka kwenye 35. Nunua kichupa cha maji maalumu ya 35 urekebishie hapo hapo unapopimia.

Maji ya kujazia basi yawe matamu, tena yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba. Ya bomba yana klorini, na visima vingi vya pwani vina chumvi yake yenyewe. Bandika mkanda kwenye kioo kuonyesha kimo, ujazie kila siku kidogo kidogo; kama una uwezo, funga boya na pampu ndogo vifanye kazi hiyo.

Maji ya bahari yana nafasi yake, nayo ni pale unapobadilisha sehemu ya maji. Chota wakati yamejaa, mbali na mlango wa mto. Karibu na Mto Msimbazi siwezi kumshauri mtu achote hata siku moja, na wakati wa masika maji ya mwambao huzimuliwa na mito, kwa hiyo pima kila dumu kabla halijaingia tangini.

Naulizwa sana kuhusu chumvi ya mashambani, ile ya Bagamoyo. Kwa chakula ni nzuri, kwa tangi hapana. Maji yanapokauka kwenye majaruba, chokaa na jasi, zenye kalsiamu, hutangulia kutuama. Chumvi ya mezani hufuata, na maji machungu yenye magnesi nyingi humwagwa. Unachobaki nacho ni karibu sodiamu na klorini tupu, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu. Usiyeweza kufika baharini, nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, uikoroge kwenye ndoo na pampu kwa saa kadhaa. Usiimwage kavu penye viumbe.

Na ukikuta uchumvi umeshapanda, tafadhali usiushushe kwa mkupuo. Toa lita chache za maji ya tangi, weka matamu kiasi kile kile, pima kesho, rudia. Mimi siushushi zaidi ya gramu 1 kwa kilo kwa siku. Uchumvi ukiwa umeshuka, kwa mfano kwa sababu skima, kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, imekuwa ikitoa maji mengi, acha mvuke ukufanyie kazi: jazia maji ya chumvi badala ya matamu kwa siku chache, ukipima kila asubuhi, na uache mara tu ukigusa 35.