Mkono wa Mkufunzi Nyuma ya Ndege ya Mafuta

Ninafundisha marubani wa kijeshi wawe wakufunzi wa ndege kubwa za mizigo. Kila kundi jipya huniuliza somo gani ni gumu kuliko yote, na jibu langu halijabadilika: kujaza mafuta angani, yaani kuyapokea kutoka ndege nyingine huku mkiruka, ukiwa umekaa kiti cha kulia, na anayerusha ndege si wewe.

Kiti chenyewe ni mtihani. Rubani aliyezoea kushoto hushika usukani kwa mkono wa kushoto na nyenzo za injini kwa mkono wa kulia. Akihamia kulia mikono inabadilishana kazi, na mtu mwenye uzoefu wa miaka huanza kuyumba kama mgeni wa anga. Hata tumbo la ndege ya mafuta halikai tena pale macho yake yalipozoea kulikuta. Simruhusu kumfundisha yeyote mpaka aiunganishe mwenyewe ndege yetu na ya mafuta kutoka kulia, tena na tena, mikono itulie.

Halafu kuna hewa. C-17, ndege yetu ya mizigo, iliyosheheni inaweza kupaa ikiwa na tani 265 hivi. KC-135 inayoipa mafuta mwisho wake ni kama tani 146. Kwa hiyo mkubwa anamnyemelea mdogo kwa nyuma na chini. Hewa inayosukumwa na pua yetu huinua mkia wa ndege ya mbele, pua yake inainama, na otopailoti yake, mtambo unaoirusha wenyewe, inapambana kuirudisha. Wakati huohuo hewa inayoshuka kutoka mabawa yake inatukandamiza sisi. Ndege hizi zimeshaanza kusukumana kabla bomba halijagusa tundu la mafuta. Ndiyo maana kutoka kituo cha kusubiri, kama mita 15 nyuma ya mahali pa kuungana, tunasogea taratibu mno, sentimita 30 hivi kwa sekunde. Injini kubwa huchelewa kuitikia. Ukingoja uone ndege imekimbilia mbele ndipo upunguze nguvu, umeshachelewa.

Tarehe 17 Januari 1966, B-52, ndege ya mabomu iliyokuja kupokea mafuta, iligongana na KC-135 juu ya Palomares, Hispania. Kati ya watu 11 waliokuwa ndani ya ndege hizo mbili, 7 walikufa. Naisimulia ajali hiyo kabla ya zoezi la kuachana kwa dharura: wito ukitolewa, mpokeaji anapunguza nguvu na kushuka, mwenye mafuta anaongeza nguvu na kupanda baadaye. Wito huo unaweza kutolewa na yeyote anayeona hatari, na hakuna anayeulizwa kwanza kwa nini.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kosa dogo zaidi. Mwanafunzi akiingiwa na woga, hubana usukani. Pua inapanda kidogo, anaisukuma. Inashuka kupita kiasi, anaivuta. Kila sahihisho linafika kwa kuchelewa na linazidi lile la kwanza. Mkufunzi mmoja niliyekuwa nikimwandaa aliona mawimbi hayo yakianza, akaunyakua usukani kwa nguvu. Ndege ilitikisika vibaya kuliko alivyoitikisa mwanafunzi. Tulirudi nyuma salama, ila mwanafunzi hakujifunza chochote, na mkufunzi naye alikuwa anatweta.

Tulipotua nilimkalisha. Nilimwambia aamue mipaka yake akiwa bado ardhini: ndege ikifika hapa nasema neno, ikifika pale nachukua, na nikichukua napunguza nguvu za injini kidogo ili turudi nyuma, sipigani na pua. Katikati ya mipaka hiyo mwanafunzi ana haki ya kukosea. Mkufunzi asiyeiheshimu haki hiyo anazalisha marubani wanaosubiri kuokolewa.

Safari iliyofuata mawimbi yalianza tena. Niliuona mkono wa kulia wa mkufunzi yule ukielea karibu na usukani, wazi, bila kugusa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chezesha vidole vya miguu." Huwezi kuchezesha vidole ndani ya buti huku umekaza mwili mzima. Mabega ya kijana yakashuka, usukani ukatulia, na baada ya muda mfupi taa za kuongoza chini ya tumbo la ndege ya mafuta zikaonyesha tuko mahali petu.

Baada ya kutua nilimuuliza mkufunzi swali moja tu: ulikuwa umebakiza nini kabla hujachukua? Akanionyesha kwa vidole viwili, kipimo kilekile alichokuwa amenichorea ubaoni asubuhi.