Nyota za mwongozo wa safari: ametoa kabla ya kusafiri au baada?

Kazi yangu ni kuchagua vitabu vya maktaba, na rafu niliyokabidhiwa ni ile ambayo wenzangu huiita "vinginevyo": miongozo ya safari, vitabu vya mapishi, kamusi, vijitabu vya misemo ya lugha za kigeni, vitabu vya kujifunza kupiga picha, na mengine yasiyo na rafu yake. Haiwezekani kusoma kila kitabu kabla ya kukiagiza, kwa hiyo nashinda nasoma maoni ya wasomaji waliotangulia. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama zile nyota, moja hadi tano, wanazokipa kitabu ni za kuaminika. Nami huwa najibu kwa kuuliza: aliyezitoa alikuwa ameshakitumia hicho kitabu?

Kwa riwaya, swali hilo halina uzito. Aliyefika ukurasa wa mwisho ameshakitumia. Mwongozo wa safari ni kitabu cha ajabu kidogo, kwa sababu hununuliwa miezi kadhaa kabla ya safari, husomwa mtu akiwa amejinyoosha kwenye kochi, husifiwa au kupondwa wiki hiyohiyo kilipofika, na kazi yake halisi huanza baadaye kabisa. Sehemu kubwa ya sifa unazozikuta chini ya mwongozo mpya zimeandikwa na watu ambao bado hawajafunga hata begi.

Kuwatambua si kazi. Msomaji wa kabla ya safari huzungumzia picha, rangi, karatasi, mpangilio wa sura, na jinsi kitabu kilivyomtia hamu ya kwenda. Msomaji wa baada ya safari huzungumzia mambo yasiyo na mvuto: ramani ambayo katikati yake imemezwa na mshono wa kitabu, faharasa isiyotaja kisiwa alichokuwa anakwenda, jalada lililoachia kurasa siku ya pili, uzito begani. Tuseme wa kwanza ameandika kwamba kitabu ni kizuri mno na kila msafiri akinunue. Wa pili ameandika kwamba ramani ya mji mkongwe inaonyesha stendi ya mabasi upande wa kaskazini wa soko, kumbe stendi ilishahamishiwa nje ya mji, na yeye akakosa basi la alfajiri akiitafuta. Huyu wa pili huenda ametoa nyota mbili. Mimi naweza kukiagiza kitabu kwa sababu yake. Kama ametembea na kitabu nchi nzima, akaandika aya nne, na lalamiko lake kubwa ni hiyo stendi, basi kitabu kimemfaa kuliko yeye mwenyewe anavyokiri.

Simaanishi kwamba maoni ya kabla ya safari ni ya kutupwa. Yanakueleza kama lugha ya kitabu inasomeka, kama mwandishi anachosha, kama maandishi ni madogo kupita kiasi. (Isitoshe, wapo watu wengi wanaoazima miongozo bila nia ya kwenda popote. Hao nao ni wasomaji, na picha nzuri ni haki yao.) Ila usiyachanganye na ushahidi wa mtu aliyekwenda akarudi. Tazama tarehe ya maoni, ilinganishe na tarehe ya kitabu kutoka. Kama maoni yote yamejaa mwezi wa kwanza, hujapata habari yoyote kuhusu ramani.

Na hapo kwenye tarehe ndipo penye mtego mkubwa zaidi. Miongozo hutoka kwa matoleo, na toleo jipya huweza kuandikwa na watu tofauti kabisa na wale wa toleo lililopita. Kila toleo lina ISBN yake, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, na hata kitabu kilekile kikitoka kwa jalada gumu, jalada laini na kwa umbo la kielektroniki, kila umbo hupewa namba yake. Lakini maduka ya mtandaoni mara nyingi hukusanya maoni ya maumbo yote, na wakati mwingine ya matoleo yote, kwenye ukurasa mmoja. Matokeo yake unakuta toleo lililotoka mwaka huu limebeba nyota ambazo nyingi ni za toleo la miaka minane nyuma. Mtu anasifia sura ya treni za usiku ambayo haimo tena. Mwingine analalamika kwamba ramani hazikuzwi. Ukichunguza, yeye alinunua kitabu cha kusomea kwenye simu, na lalamiko lake halihusiani kabisa na kile cha karatasi unachotaka wewe. Kwa hiyo mimi hupanga maoni kuanzia mapya, kisha nayasoma hadi nifike tarehe ya toleo lililo mbele yangu, na hapo nasimama. Yaliyobaki ni ya kitabu kingine chenye jina hilohilo.

Tena mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa hakimiliki si mwaka wa taarifa. Mtafiti huzunguka kwanza, akaandika, mhariri akapitia, mchora ramani akafanya yake, ndipo mtambo wa uchapaji uanze. Miongozo iliyotoka mwanzoni mwa 2020 ilikuwa na taarifa zilizokusanywa kabla ya UVIKO-19, na wasomaji walioitumia safari ziliporejea walikuta hoteli na mikahawa mingi imeshafunga milango. Nyota moja zilizotokana na hali hiyo zinasema ukweli kuhusu ulimwengu, ila hazisemi kitu kuhusu ustadi wa mwandishi. Lalamiko la bei kupanda nalo ni vivyo hivyo. Mwongozo wowote uliochapishwa utakuwa nyuma ya bei. Lalamiko ninalolichukulia kwa uzito ni lile la jambo lisilobadilika haraka: umbali, mteremko wa njia, mto usiovukika wakati wa masika, upande wa barabara ambako kanisa au msikiti umesimama kwa miaka mia mbili. Mwandishi aliyekosea hapo hakufika.

Jina la mfululizo pia hupotosha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mifululizo mashuhuri ina vitabu bora na vitabu vilivyoandikwa harakaharaka chini ya nembo ileile. Tafuta jina la mwandishi wa kitabu chenyewe, kisha uone wasomaji wanasemaje juu ya nchi hiyo tu.

Uhusiano wa miongozo na maoni ya wasomaji ni wa zamani kuliko intaneti. Mchapishaji John Murray wa London alitoa kitabu chake cha kwanza cha mfululizo wa wasafiri mwaka 1836, na Karl Baedeker, aliyefungua biashara yake ya uchapishaji mjini Koblenz mwaka 1827, alijenga jina kwa vitabu vyenye jalada jekundu vilivyofaa kubebwa njiani. Katika dibaji zake kampuni ya Baedeker iliwaomba wasafiri waitumie masahihisho, hasa yanayotokana na waliyoyaona wenyewe, na ikawaonya wenye hoteli kwamba matangazo hayapokelewi kwa namna yoyote. Sentensi mbili hizo zinatosha kuwa kanuni ya maoni mpaka leo: sema ulichokiona, na usilipwe kwa kukisema.

Hata nyota zenyewe zilianzia ndani ya miongozo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mariana Starke, Mwingereza aliyeandika vitabu vya wasafiri wa Ulaya, alizipa kazi za sanaa alama za mshangao, na kadiri alama zilivyozidi ndivyo kazi ilivyostahili kutazamwa. Baadaye Baedeker akatumia nyota. Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa ambayo mwongozo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1900, ikaanza kuipa nyota mikahawa mwaka 1926. Kwa muda mrefu, basi, kitabu ndicho kilichowapa watu wengine nyota. Amazon ilipoanza kuuza vitabu mwaka 1995 na kuwaruhusu wateja waandike maoni, kisha Goodreads, mtandao wa wasomaji, ilipokuja mwaka 2007, kibao kikageuka, na sasa ni kitabu kinachosubiri hukumu.

Hukumu hiyo ina umbo lake. Ukichora nyota za kitabu kwenye grafu, mara nyingi unapata nguzo ndefu sana kwenye tano, kijiguzo kwenye moja, na bonde katikati. Sababu ni mbili. Anayenunua kitabu kwa kawaida tayari anakipenda kidogo, na anayeona kitabu ni cha wastani haoni haja ya kuandika. Ndiyo maana wastani wa nne na nusu haunishtui, na ndiyo maana huanzia kwenye nyota tatu. Mtu aliyetoa tatu alijikalisha chini kueleza kipi kimemfaa na kipi hakikumfaa. Hana ugomvi wala mahaba.

Kisha kuna uongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vitabu vinavyojitembeza siku hizi ni vingi. Agosti 2023 gazeti la New York Times liliandika kuhusu wimbi la miongozo ya safari iliyoonekana kutungwa na akili mnemba, yenye waandishi wasiojulikana popote na sifa tele za nyota tano zilizotiliwa shaka. Mwezi uliofuata Amazon ikaweka kikomo cha vitabu vitatu vipya kwa siku kwa mtu anayejichapishia. Fikiria kidogo ni mwandishi gani angehitaji cha nne! Mwaka 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikatoa kanuni inayokataza kuuza na kununua maoni ya uongo, yakiwemo yaliyotungwa na mashine. Sheria ni jambo jema, lakini jicho lako lina kasi zaidi. Maoni ya kununuliwa hutaja jina kamili la kitabu, husifu "taarifa zote muhimu", na hayana hata mtaa mmoja ndani yake. Hakuna aliyechoka, hakuna aliyepotea, hakuna aliyelala mahali.

Nakala za bure ni suala jingine, na kwangu si kosa. Wachapishaji wamekuwa wakiwapa wasomaji nakala za mapema tangu zamani, na Amazon ilipopiga marufuku maoni yanayotolewa kwa kubadilishana na bidhaa za bure mwaka 2016, vitabu viliachwa nje ya katazo hilo. Nachotaka ni mtu aseme kwamba alipewa. Ila kwa mwongozo wa safari, nakala ya mapema maana yake ni maoni ya kochi, na hapo tumesharudi kwenye swali langu.

Kwa vitabu vingine vya rafu yangu mambo ni mepesi zaidi. Kitabu cha mapishi: tafuta neno "nimepika", maana "natamani kupika" halina msaada, na umruke yule aliyebadilisha viungo vitatu kisha akalalamikia ladha. Kamusi: mtu hukosa neno moja akatoa nyota moja, kwa hiyo tazama ni neno gani, kamusi ya wanafunzi kukosa istilahi ya upasuaji si dosari. Vitabu vya kubadilisha maisha husifiwa msomaji akiwa bado na moto, kwa hiyo natafuta walioandika mwaka mmoja baadaye, na ni wachache. Simulizi za safari ndizo zinazoonewa zaidi, kwani watu huzinunua wakidhani ni miongozo, halafu wanazipunguzia nyota kwa kukosa orodha ya hoteli. Pausanias, msafiri Mgiriki wa kale, aliieleza Ugiriki katika karne ya 2, na wanaakiolojia bado wanamsoma. Sidhani kama yupo anayemlaumu kwa hekalu lililokwishaanguka.

Pakiwa na miongozo miwili iliyofungana na maoni hayaamui, naacha maoni. Nafungua faharasa ya kila kimoja, natafuta mji ninaoujua vizuri, nasoma wameandika nini kuhusu namna ya kufika, siku ambazo makumbusho yanafungwa, na mtaa wa kuepuka usiku. Kilichokosea viwili kati ya hivyo hakiagizwi, hata kiwe na nyota ngapi.